Ngoma Chini ya Disko

Mwaka wa themanini na mbili Dar es Salaam ilikuwa na foleni ya kila kitu. Palikuwa na foleni ya sukari, foleni ya sabuni, na foleni ambazo watu walizipanga kwanza ndipo wakauliza kinauzwa nini. Binti mmoja, Mboni, hakuwa na ugomvi na foleni hizo, kwa sababu mama yake, Bi Mgeni, ndiye aliyezipanga, na kwa ulimi aliokuwa nao mama huyo hakuna aliyethubutu kumruka. Kilichomtesa Mboni ni kanda tupu. Sabuni ukiikosa utafulia majani ya mpapai, lakini kanda tupu ukiikosa utarekodia nini, sufuria?

Kurekodi ndiyo ilikuwa kazi yake. Barazani kwao, Mtaa wa Sikukuu, alikuwa na meza moja na mashine mbili za kaseti, moja ya kuchezea na nyingine ya kunasia. Ile ya kuchezea aliipata kwa familia moja ya Upanga iliyokuwa ikihamia Kanada, nayo iliweza kunasa pia, lakini hakuichosha kwa kazi hiyo, akaitunza kama yai. Ile ya kunasia ilikuwa imepita mikono mingi mpaka haijulikani tena ilizaliwa na rangi gani. Watu walimletea kanda zao, huyu akitaka dansi la Jumamosi, yule kwaya ya usharika wake, mwingine rumba ya Zaire, na Mboni aliwarekodia wote bila kumcheka mtu.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye miksi. Alisikiliza wimbo wa disko mpaka pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma kubaki peke yake, kipande kifupi tu cha watu kuvuta pumzi. Hapo kidole chake kilikuwa tayari. Alikinasa kile kipande, akasimamisha, akarudisha nyuma, akakinasa tena na tena, mpaka ile pumzi fupi ikawa wimbo mzima. Kisha akaiunganisha na wimbo mwingine kabla mchezaji hajajua kwamba amehamishwa nyumba. Hakuna aliyemfundisha. Na akimaliza hakuweza kutulia, ilikuwa lazima amsimamishe mpita njia, hata kama ni muuza karanga mwenye haraka zake, amwambie, "Njoo usikie hapa, hapa hapa!" Raha ya Mboni haikukamilika mpaka mtu wa pili atikise kichwa.

Bi Mgeni hakuielewa raha hiyo hata kidogo. Yeye alikuwa kungwi. Wasichana wa nusu ya Kariakoo, Wazaramo, Wandengereko, Wamatumbi, walipovunja ungo waliletwa kwake na mama zao, akawaweka ndani, akawafunda, akawacheza ngoma, akawatoa wakiwa watu. Mafunzo yote yalikuwa ndani ya nyimbo, na nyimbo zilikuwa za wanawake peke yao. Hapo hapakuwa na mzaha. Kungwi ambaye maneno yake yamefika kwenye masikio ya wanaume amekwisha. Hakuna mama atakayempelekea mwanawe tena. Na Bi Mgeni kama asingekuwa kungwi, asingejua asubuhi anaamkia nini.

Sasa, na hili Mboni hakulijua, mama huyu alikuwa na hofu. Nyimbo zile alifundishwa na bibi mmoja wa Rufiji. Watu wa bondeni walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, bibi naye alihamishwa, na huko huko akafa. Zikabaki kichwani mwa Bi Mgeni, na kichwa hicho kilikuwa kimeanza kusahau kama mchuzi umeshatiwa chumvi. Wale wasichana aliowafunda aliwaona wakipita mbele ya baraza na viatu vyao virefu na nywele za kalikiti, zilizokunjwa kwa dawa, wakienda disko. "Hawa wameshamwaga yote," alisema, akafyonza. Basi siku moja mchana, Mboni akiwa ameenda Mchikichini, alifunga mlango wa uani, akaukamata msondo wake, ile ngoma ndefu ya unyago, akabonyeza vitufe vya mashine kama alivyomwona mwanawe akibonyeza, akaimba nyimbo zote tangu ya kwanza hadi ya mwisho.

Likabaki suala la kuificha kanda. Kuiandika jina ni kuitangaza siri. Kuifungia sandukuni ni kuwaonyesha watoto mahali pa kuchokoa. Bi Mgeni akapata akili ambayo yeye aliiona kubwa sana: aliitumbukiza kwenye boksi la kanda tupu za Mboni, chini kabisa, kwa sababu boksi lile hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kulitia mkono. Kungwi hodari, lakini hapo, tuseme ukweli, alikosea pakubwa.

Haikupita wiki, Zahoro akashuka bandarini. Zahoro alikuwa baharia, jirani yao, na kila aliporudi alimletea Mboni kitu cha kusikia. Wengine waliletewa mashati na saa. Mboni aliletewa sauti. Safari hii Zahoro alikuwa na kanda aliyorekodiwa katika klabu moja ya Hamburg.

"Humu hakuna mpiga ngoma," alimwambia.

"Anayepiga nani?"

"Mitambo. Umeme mtupu. Mzungu amekaa na vitufe vyake kama wewe hapo, hata jasho halimtoki."

Mboni akaiweka. Ngoma ilipiga sawasawa, bila kuchoka na bila kukosea, na juu yake sauti za vinanda vya umeme zilipanda na kushuka kana kwamba hazina uzito. Mpiga disko wa klabu ile hakuacha wimbo hata mmoja ufike mwisho; aliutia huu ndani ya ule, akaukata, akaurudisha. Nywele za mikono zilimsimama Mboni. Kumbe huko mbali kulikuwa na watu wanaofanya kile kile alichokifanya yeye kwa kidole chake barazani, huku wapita njia wakimwona kama mwehu. Alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga, akajifanya ni vumbi la mtaa.

"Vipi?" aliuliza Zahoro.

"Nzuri. Nzuri sana. Ila haina mtu ndani."

"Nimekwambia ni mitambo!"

"Nimesikia. Ndiyo maana nasema haina mtu ndani."

Ijumaa akakaa kuitengenezea miksi. Mteja wake alikuwa Filbert, kijana wa Kichaga kutoka Kibosho ambaye baba yake aliuza vitu vya jumla Mtaa wa Kongo. Siku za kazi Filbert alibeba magunia ya baba, na Jumapili mchana alipiga disko katika ukumbi mmoja jirani na soko. Alikuwa amemwambia Mboni kwamba watu wamechoka na miziki ile ile, na wiki hii asipopata kipya atazomewa. Mboni akafungua boksi. Ilikuwa imebaki kanda moja tu, ya chini kabisa, haina maandishi. Kanda isiyo na maandishi ni kanda tupu. Ndivyo alivyojua yeye na Kariakoo nzima. Akaitia kwenye mashine.

Mashine ya kaseti inaponasa sauti mpya, kwanza huifuta ya zamani. Hii ya Mboni ilikuwa imezeeka, ikaanza kufuta nusunusu, na yeye alikuwa bado hajagundua. Sauti nyembamba iliweza kuzififisha. Zile nzito za chini ilizipita juu juu tu, ikaziacha palepale.

Alipomaliza aliisikiliza kidogo mwanzoni kuona kama imeshika. Akashtuka. Chini ya ngoma ya Hamburg palikuwa na ngoma nyingine, nzito, inayochelewa kidogo na kuwahi kidogo, kama mtu anayecheka katikati ya maneno. Mbili zile zilikuwa zikisukumana na kupatana, zikipishana na kukutana. Masikio yake yalimwambia kwamba ngoma hiyo anaifahamu, lakini mtu akishafurahi hasikilizi ushauri wa masikio. Alidhani kidole chake kimebahatisha jambo. "Mtu huyo!" alipiga kelele. "Mtu ameingia!" Akamkamata muuza karanga, na muuza karanga akatikisa kichwa, kisha mabega, kisha akasahau alikuwa anaelekea wapi.

Filbert alipokuja alisikia mwanzo huo huo tu. Akaichomoa kanda mwenyewe.

"Ngoja niisikilize yote kwanza," Mboni alisema.

"Utaisikia Jumapili, dada. Hii nikiiacha hapa utawapa watu wote kabla yangu, nakujua wewe."

Hakukosea, alimjua. Akaondoka nayo mfukoni, akiishikilia kwa mkono kwa juu.

Jumapili mchana Bi Mgeni alikuja barazani akainamia boksi. Kesho yake alikuwa anaingiziwa mwali mpya, na usiku kucha alikuwa ameutafuta wimbo mmoja kichwani asiupate. Akapekua boksi, akalimwaga lote mezani.

"Mboni, kanda iliyokuwa chini kabisa iko wapi?"

"Ile tupu?"

Bi Mgeni akakaa chini, sakafuni, bila hata mkeka. "Haikuwa tupu," alisema. Kisha akasema kilichokuwamo, kwa sauti ndogo ambayo Mboni hakuwahi kuisikia kwake.

Ngoma ile ya chini sasa Mboni aliijua vizuri. Aliisikia tangu yuko mgongoni. Alimweleza mama yake habari ya mashine kufuta nusunusu, kwamba msondo umebaki, na kwamba maneno mengi yatakuwa yamezama chini ya vile vinanda.

"Mengi," Bi Mgeni alirudia. "Na yaliyobaki?"

Mboni akaipitisha kanda nzima kichwani. Katikati ya kanda palikuwa na mahali ambapo muziki wa Hamburg unatulia kabisa, unabaki mlio mwembamba tu kama birika linalokaribia kuchemka. Alipaacha parefu makusudi, ili watu wapumue. Kama maneno yamebaki, yatasikika pale, mbele ya vijana wote wa Kariakoo na Ilala. Alimwambia mama yake hivyo hivyo, bila kupunguza.

"Disko linaanza saa ngapi?"

"Saa tisa."

Ilikuwa saa tisa na ushei. Bi Mgeni aliinuka, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akatangulia njiani. Mboni alikuwa na miguu ya ujana, lakini siku ile alimfuata mama yake akihema. Walipita katikati ya watu wa soko bila kumsalimia mtu, na Bi Mgeni kutosalimia ni jambo ambalo peke yake lingetosha kuzungumzwa mtaani wiki nzima.

Mlangoni alisimama kijana anayeitwa Uwesu, mpakuaji wa bandarini, ambaye Jumapili kazi yake ilikuwa kuwazuia wakorofi. Alimwona Bi Mgeni, akaficha sigara nyuma.

"Shikamoo, mama. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Namtafuta mwanangu."

Uwesu akamtazama Mboni aliyesimama ubavuni pake, akaona si busara kuuliza zaidi. Akawapisha.

Ndani kulikuwa na joto la watu. Bi Mgeni hakuwahi kukanyaga disko maishani mwake, na alipovuka kizingiti tu akamshika Mboni mkono kwa nguvu. "Ndiyo hiyo," alisema. Msondo wake ulikuwa tayari unapiga kwenye spika mbili kubwa. Na watu walikuwa wanacheza. Mboni alijikuta akitazama. Hawakurukaruka kama siku zote, kila mtu na mikono yake hewani. Walikuwa wameshuka chini, wametulia, mwendo wote uko kiunoni, hata watoto wa Upanga na vijana wa Kichaga ambao hakuna aliyewahi kuwachezea msondo. Kwa muda mfupi Mboni alifurahi, tena sana, kisha akaona aibu kwamba anafurahi wakati mama yake anaangamia.

Akajitosa kwenye umati. Filbert alikuwa jukwaani, nyuma ya meza yake, shati limeloa. Mboni alimpungia mikono miwili kumwambia azime. Filbert alimwona, akacheka kwa meno yote, akampungia naye, na kwa kumheshimu mtengenezaji akaongeza sauti.

Mboni alisukuma, akasukumwa. Alikanyaga watu, akakanyagwa. Hata nusu ya ukumbi alikuwa hajaifika pale vinanda vya Hamburg vilipoanza kuondoka kimoja kimoja. Ukabaki ule mlio mwembamba na msondo. Watu walipunguza mwendo, wakasubiri. Na hapo, wazi kabisa, kana kwamba yuko jukwaani, ikasikika sauti ya Bi Mgeni ikivuta pumzi ili aimbe. Mboni alifunga macho.

Alichokisikia ni kigelegele.

Kilitoka upande wa dirisha, kikali, cha msichana mwenye nywele za kalikiti na suruali ya kubana. Kilianza pale pale neno la kwanza lilipoanza. Kabla hakijafifia kikapokelewa na kingine karibu na jukwaa, kisha kingine nyuma, kisha makofi. Mboni alifumbua macho. Ukumbi mzima wasichana walikuwa wamesimama wima, hawachezi, nyuso zimekaza, na walikuwa wakitazamana wao kwa wao juu ya vichwa vya wavulana. Hilo ndilo agizo la kwanza ambalo Bi Mgeni alimpa kila mwali, hata kabla hajampa maji ya kunywa: ukisikia maneno yetu yanavuja, yafunike, usiulize nani kayavujisha. Hakuna aliyeuliza. Mistari ilikuja mmoja baada ya mwingine, nao wakaifunika mmoja baada ya mwingine. Pale msondo ulipobaki peke yake walinyamaza, na neno liliporudi walikuwa wameshafika, wakalizima kabla halijatoka kinywani. Mboni naye akapiga kigelegele mpaka koo likamuuma.

Wavulana walipagawa kwa furaha. Walidhani ni shangwe, wakapiga miluzi, na Filbert akainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyefunga goli. Kisha vinanda vikarudi kwa kishindo, ngoma ya mitambo ikashuka juu ya msondo, na ukumbi ukalipuka. Mboni aligeuka kumtafuta mama yake. Bi Mgeni alikuwa amesimama pale pale mlangoni, kiganja mdomoni, machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

Alipofika jukwaani Mboni aliidai kanda yake.

"Da Mboni, umeua!" Filbert alimpigia kelele sikioni. "Wale dada wa vigelegele uliwapanga saa ngapi?"

"Hukusikia kitu kingine?"

"Kingine kipi? Masikio yamekufa ganzi kwa vigelegele!"

"Umeinakili mahali?"

"Kwa kanda gani, dada? Mji huu una kanda?"

Kwa mara ya kwanza Mboni aliishukuru shida ya nchi nzima. Filbert aliitoa kanda kwa uchungu, baada ya kuahidiwa nyingine kabla ya Jumapili ijayo. Aliomba kitu kimoja tu: hiyo nyingine iwe na ile ngoma ya chini. "Hiyo ya mitambo naipenda," alisema, "lakini hiyo ya chini ndiyo inayotucheza sisi."

Wakashika njia ya nyumbani, Bi Mgeni mbele. Mboni alitembea hatua moja nyuma yake akipanga maneno ya kuomba radhi, akayapangua, akayapanga tena. Walipofika nyumbani mama alipitiliza mpaka uani, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mkono. Mboni akampa kanda. Aliigeuza huku na huku, akamrudishia.

"Ifute."

"Nisamehe, mama. Mimi nilidhani—"

"Nimeiweka mwenyewe kwenye boksi lako, utaombaje msamaha? Ifute. Kwa ile mashine nzuri, siyo kwa hilo kopo lako."

"Yote? Nyimbo zitapotea, mama. Si ndiyo maana ulizinasa?"

"Nilizinasa kwa sababu nilidhani nimebaki peke yangu." Bi Mgeni alijifuta uso kwa pindo la kanga, na sauti yake ikaanza kurudi, ile ya kwenye foleni. "Umemwona yule wa kalikiti? Zamda, wa Mtaa wa Pemba. Nilipomcheza alilia siku nzima, hataki hiki, hataki kile. Nikamwambia mama yake, huyu hatoki na hata wimbo mmoja. Leo amenitangulia kwa pumzi, Mboni! Mimi mwenyewe ule mstari wa pili nilikuwa nimeusahau tangu juzi, yeye ameufunika kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Mtu atafunikaje neno asilolijua?"

Mboni alikuwa amewaza vigelegele tu. Hakuwaza kwamba kila aliyepiga alikuwa akiuimba wimbo mzima moyoni, neno kwa neno, ili ajue pa kuanzia na pa kunyamazia.

"Yule Mchaga kakwambia anataka nini?" mama aliuliza.

"Ile ngoma ya chini."

Bi Mgeni aliinuka, akaingia ndani, akatoka akiukokota msondo. Akausimamisha kwenye jua ngozi ipate kukaza, akaugonga kidogo kwa vidole, akasikiliza, akaugonga tena. Mboni alileta mashine ya Upanga mpaka uani, waya ukavutwa kupita jikoni, na kanda ikazunguka mpaka ikabaki tupu kweli.

"Nitapiga," Bi Mgeni alisema. "Sitaimba. Wewe changanya na mitambo yako unavyotaka, wape na hao wa Upanga, wape na mabaharia wakapeleke huko Hamburg."

"Na maneno?"

"Wenyewe watayatia, kimoyomoyo."